Steki ya Moto, Shanty Town

Mama mkwe wangu hajawahi kuelewa kwa nini mtu mwenye jiko lake atoke jioni akalipie chakula. Tulipomwambia tunakwenda kula hotelini, mtaa wa Shanty Town, kusherehekea mwaka wa tatu wa ndoa, aliuliza kama gesi imeisha. Aliposikia kwamba na mtoto anakwenda, hakuuliza tena. Alimchukua chumbani, akamrudisha kavaa sweta, juu ya sweta koti, kofia ya sufu na soksi mbili mbili. Ilikuwa Novemba 2018, Moshi inawaka, sisi wengine tunajipepea kwa gazeti.

"Upepo wa jioni," alisema. Yeye ni wa Kibosho, mlimani, na kule juu upepo wa jioni si hadithi. Sisi tunaishi Majengo, mjini. Tulimvua mtoto koti ndani ya bajaji, kabla hatujafika barabara kuu.

Binti yetu alikuwa na miezi saba. Kliniki walikuwa wametuambia maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, kisha vyakula laini, bila chumvi, huku anaendelea kunyonya. Kwa hiyo alikuwa anakula, anaweza kukaa, ila kutambaa bado. Nilijua akishaanza kutambaa, habari za vitambaa vyeupe mezani tutazisikia kwa wenzetu.

Na mimi nilikuwa na njaa ya aina yake. Nilitoka kwenye uzazi wa Kichaga, ambao ukilelewa na mama mkwe anayekupenda ni mtori asubuhi, mtori mchana, mtori jioni. Ndizi na nyama vinachemshwa, vinapondwa mpaka kijiko kinasimama. Maziwa yalitoka, mwili ukarudi, sina malalamiko. Baada ya hapo ndipo ilipokuja ile miezi ya kula kwa mkono mmoja, chakula kimeshapoa, mtoto yuko begani. Nilitaka nyama ya kukata kwa kisu na uma, mikono yote miwili, ikiwa bado ya moto. Mume wangu alisema hayo yanawezekana. Sikumwamini sana, lakini nilivaa gauni.

Tulifika saa kumi na moja na nusu, na huo muda niliuchagua kwa makusudi: jikoni hawajazidiwa, wahudumu hawajachoka, na mtoto ametoka kulala. Meza zilikuwa bustanini, chini ya miti mikubwa. Meza ya kulia alikaa mzee mmoja wa makamo ya babu yangu, kofia ya pama kichwani, pamoja na wanawe, anakunywa bia ya moto. Nikamwamkia. Meza ya kushoto walikuwa wazungu walioshuka Mlima Kilimanjaro siku hiyo kwa njia ya Mweka. Walijulikana tu: pua zimebabuka kwa jua, na kila aliyekwenda msalani aliteremka ngazi kiupande upande kwa maumivu ya mapaja. Hao ndio niliowaogopa. Wamelipa dola zao, wamefika kilele cha mita 5,895, halafu waje wapigiwe kelele na mtoto wa Majengo.

Tuliomba kiti cha mtoto. Mhudumu alikwenda, akakaa, akarudi na kiti kirefu cha mbao chenye alama ya duara pale pa kukalia. "Tulikuwa tumewekea maua," alisema. Mkanda haukuwepo. Mume wangu alichukua khanga, akamfunga mtoto kiunoni na mgongo wa kiti, akavuta fundo, na mtoto akaanza kupiga meza kwa kijiko kama mwenyekiti anayefungua kikao.

Tuliagiza hapo hapo, hata menyu hatujaimaliza. Steki ya pilipili manga kwangu, sato wa kuoka kwa mume wangu, na kwa mtoto niliomba parachichi la kuponda bila chochote. Mtori nao ulikuwepo kwenye menyu, kwenye vianzio. Niliufunika kwa kidole.

Halafu tukasubiri. Watu hudhani taabu ya kula sehemu nzuri na mtoto ni kilio. Kilio kinakuja mwishoni. Taabu ni kusubiri. Kwa mama ntilie stendi unakaa, unasema "wali maharage", sahani iko mezani kabla hujanawa, na mtoto ameshapokewa na dada anayemenya vitunguu, hata jina lake humjui. Hoteli ya vitambaa vyeupe inakuuzia utulivu na nafasi ya kukaa, na mtoto wa miezi saba hana kazi na hivyo viwili. Parachichi lilikuja mapema, likaisha mapema. Kijiko kikaanguka mara ya kwanza, tukacheka. Kilipoendelea kuanguka, tuliacha kucheka. Nyama haijaonekana.

Alipolia, alilia hasa. Nilimfungua, nikajitanda khanga, nikamnyonyesha pale pale mezani. Ndipo meneja alipokuja, kijana wa tai, mpole kabisa.

"Dada, samahani. Ndani tuna chumba kizuri, kina feni. Labda ungependa kunyonyesha kwa utulivu?"

"Hapa napo pana utulivu, kaka. Asante."

Akatupia jicho meza ya wazungu. Nami nikatazama. Mmoja alikuwa amelaza kichwa juu ya kitambaa cheupe, kalala fofofo, mdomo wazi. Wenzake walikuwa wamesimama wote na simu zao, kwa sababu wingu lilikuwa limefunguka na kilele cha Kibo kimetokeza. Hakuna aliyetuona.

"Kijana," mzee wa pama akasema bila kugeuka, "wewe ulinyonyea chumba chenye feni?"

Meneja akacheka, akaenda kuharakisha nyama. Kwa hilo namshukuru, maana ililetwa muda si mrefu, sosi bado inachemka pembeni, viazi na maharage mabichi. Na mtoto, ambaye alishiba, hakutaka tena kukaa popote.

Mume wangu ni kifungua mimba wa nyumba yenye wadogo wengi. Alisimama, akainama, akamtupia mtoto mgongoni, akazungusha kitenge na kukifunga kifuani juu ya shati lake jeupe la sherehe. "Kula," akaniambia, akaanza kuzunguka bustani.

Wahudumu walisimama na trei zao. Mwanamume amebeba mbeleko, Moshi mjini, hotelini, na viatu vya ngozi! Alipopita mara ya kwanza mzee alinyamaza. Alipopita tena akamsimamisha.

"Baba mtoto, mwenzio yuko wapi?"

"Anakula, mzee."

"Anakula nini?"

"Steki."

Mzee akaitazama meza yangu, akaona ninavyokata. "Basi usimsumbue. Pita na huku kwenye maua, mtoto aone rangi."

Ile steki nilikula polepole, kwa ukaidi, hadi mafuta ya mwisho. Sikuzungumza na mtu. Kama chakula cha ndoa ni mazungumzo, hatukula chakula cha ndoa. Tulikula kwa zamu. Zamu yake ilipofika sato alikuwa amepoa, wakampasha. Nilikuwa najiandaa kufunga mbeleko mimi, mhudumu akasema, "Dada, nipe mimi, mpishi anamtaka." Mtoto akapelekwa jikoni. Tulisikia vicheko na sufuria zikigongwa, na aliporudi nywele zilinukia vitunguu.

Bili ililetwa ndani ya kijitabu cheusi. Parachichi lilikuwa limeandikwa peke yake, shilingi elfu nne. Nyumbani tuna mti, yanaanguka usiku tunadhani ni wezi. Tulilipa, tukaongeza ya mhudumu na ya mpishi, na tukakubaliana kwamba mama mkwe atatajiwa bei ya steki lakini ya parachichi kamwe.

Mwaka uliofuata tulirudi wawili tu, saa mbili usiku, watu wazima. Kwa mazoea tulimaliza kula kabla mhudumu hajaleta chumvi.