Vituo Sita hadi Laleli

Asubuhi ya kwanza Istanbul, kijana wa mapokezi alimwona mama mdogo akishuka ngazi, akatabasamu, akasema, "Merhaba!"

Mama mdogo akasimama pale pale. "Huyu mtoto ananiitikia marahaba," alininong'oneza. "Shikamoo nimempa saa ngapi?"

Nikamweleza kwamba kwa Waturuki hiyo ni salamu tu, mkubwa na mdogo wote huitumia. Alinisikiliza, hakuridhika. Siku zote tulizokaa, kila mwenye duka aliyetupokea kwa merhaba alijibiwa "Salama" kwa sauti ya mtu anayesamehe.

Ilikuwa Novemba 2018. Mama mdogo ana duka la nguo Kariakoo, na kwa miaka mingi mzigo wa Uturuki alikuwa akiuchukua kwa watu wanaosafiri, huku akinung'unika kwamba wanamkamua. Mwaka ule lira ilikuwa imeporomoka, dola moja ikipata lira zaidi ya tano, na Kariakoo nzima ilikuwa na habari hiyo. "Nakwenda mwenyewe," akatangaza. Kiingereza hakipatani naye, basi nikachukuliwa mimi niwe mkalimani, mshika ramani na mbeba mizigo. Dola zake alizifunga kibindoni, juu ya kibindo gauni, juu ya gauni baibui, juu ya baibui sweta langu, maana baridi ya kule ilitupokea vibaya.

Tulifika Jumamosi usiku. Kutoka uwanja wa ndege wa Atatürk tulipanda metro hadi Zeytinburnu, tukahamia tramu ya T1, ile inayopita katikati ya mji wa kale. Kabla ya hapo nililazimika kununua kadi kwenye mashine. Mama mdogo alinipa noti, nikaitia, mashine ikaimeza yote na kuigeuza kuwa salio. Akakinga mkono chini ya tundu akisubiri chenji.

"Hairudishi, mama mdogo. Yote imeingia kwenye kadi."

"Kumbe makonda wako kila mahali," akasema.

Kadi moja ilitutosha wote wawili: unaigusisha, mwenzako anapita, unaigusisha tena, unapita wewe. Nauli ilikuwa lira 2.60 kwa kila mmoja. Nikaiweka mfukoni mwangu, pamoja na anwani ya hoteli na simu yenye ramani.

Jumapili ilikuwa siku ya Kapalıçarşı, soko kubwa lenye paa ambalo lilianzishwa baada ya Sultan Mehmed wa Pili kuuteka mji ule 1453. Maelfu ya maduka chini ya paa moja. Nilikuwa nimelisifia tangu Dar. Hoteli yetu ilikuwa Laleli, kituo kimoja tu kutoka hapo, lakini mama mdogo alitaka kupanda tramu, tukapanda. Tuliposhuka Beyazıt tukakuta milango imefungwa. Soko lile Jumapili halifunguliwi, jambo ambalo mtoto mdogo angelisoma kwenye ile ramani yangu.

Hakusema kitu, na hilo lilikuwa baya kuliko kusema. Tukarudi kituoni kuelekea Eminönü, kwenye soko la viungo ambalo nilihakikisha mara tatu kwamba liko wazi. Ndani ya tramu, ili kufunika aibu, nikaanza kumwaga elimu: tramu za mji huu zilianza 1871 zikivutwa na farasi, zikapata umeme 1914, zikaondolewa upande huu wa Ulaya 1961, na hii tuliyopanda ilianza 1992.

"Waliziondoa wenyewe, wakazirudisha wenyewe?"

"Ndiyo."

"Haya. Na soko wanafungua lini?"

Eminönü ilimrudishia moyo. Pale tramu inatokeza baharini kwa ghafla: daraja la Galata limejaa wavuvi wa ndoana, shakwe wanapiga kelele, mashua zinakaanga samaki na kuwauza ndani ya mkate. (Alikula, akauliza nazi iko wapi.) Soko la viungo wenyewe wanaliita Mısır Çarşısı, yaani soko la Misri, kwa sababu lilijengwa karne ya 17 kwa mapato yaliyotoka Misri ilipokuwa chini ya Waosmani. Muuzaji alichota kitu kwenye gunia na kusema, "Karanfil." Mama mdogo akacheka hadi akashika meza. Amezaliwa Pemba, utotoni amechuma karafuu na kuzianika, sasa mtu anamtajia karafuu kana kwamba ni kitu kigeni. Akatia mkono guniani, akachambua kwa vidole viwili, akatoa makonyo matatu na kuyapanga mbele ya yule bwana moja moja. Kuanzia hapo bei ya zafarani ilishuka bila mkalimani.

Balaa ilitupata wakati wa kurudi. Kituo cha Eminönü kilikuwa kimefurika, jioni ya Jumapili, familia nzima nzima na vigari vya watoto. Tramu ilipofunguka, mama mdogo alitanguliza bega na kuingia, ufundi wa miaka mingi ya daladala na mwendokasi. Mimi nikampisha bibi mmoja mwenye mkongojo. Mlango ukafunga kati yetu. Nilimwona kupitia kioo, amekumbatia mfuko wa zafarani, ananitazama kwa mshangao mdogo tu, kisha hayupo.

Simu yake ilikuwa imezimwa tangu uwanja wa ndege. Kadi, anwani, ramani, vyote ninavyo mimi. Yeye alikuwa na dola na zafarani, na Kiswahili.

Tramu iliyofuata ilikuja baada ya dakika chache ambazo mimi sikuzihesabu kuwa chache. Nikaganda kwenye kioo nikikagua kila kituo. Sirkeci, hayupo. Gülhane, hayupo, hapo njia inabanwa na kuta na tramu inapanda polepole, nami nilitamani kushuka niisukume. Sultanahmet nikaona baibui jeusi limesimama peke yake, nikaruka nje nikiita. Akageuka mama mwingine kabisa, akanitazama kwa huruma, na nyuma yangu tramu ikaondoka. Nikasubiri nyingine. Wakati huo nilikuwa tayari natunga maneno ya kumwambia mama yangu: dada yako nimempoteza, ilikuwa hivi.

Alikuwa Laleli. Amekaa kwenye benchi la kituo, mfuko mapajani, mkononi ana nusu ya simit, ule mkate wao wa duara wenye ufuta.

"Umechelewa," akasema, akanipa ile nusu.

"Umejuaje kushuka hapa?"

Akaninyooshea vidole. Asubuhi alihesabu: kituo kimoja hadi kwenye soko lako lililofungwa, halafu vitano hadi baharini. Wakati wa kurudi akakunja kidole kila mlango ulipofunguka, kama anayevuta uradi. Vidole sita, akashuka. Alijua akikaa palepale nitamkuta, na kutoka nje ya kituo hakuhitaji kwa sababu hakuwa na haraka.

"Halafu kuna binti kaniachia kiti na kunimegea huu mkate," akaongeza. "Ananiita *teyze, teyze*. Ndiyo nini?"

Nikatafuta kwenye simu. Teyze ni dada wa mama. Ndivyo wanavyowaita kwa heshima kina mama wa umri wake. Nikamwambia.

Akanyamaza kidogo. "Nani kamwambia kuwa mimi ni mama mdogo?"

Jumatatu sikuwa na kazi. Laleli ni mitaa ya maduka ya jumla, na huko wanauza kwa seri, yaani nguo moja kwa saizi zake zote kwa pamoja, huchomoi unayoitaka. Mama mdogo alizigomea saizi ndogo, kwamba Kariakoo hizo zitamkalia. Yule bwana akasema "Bir dakika" na kupiga simu. Mama mdogo akasikia dakika, akakaa kungoja. Ikaja çay, akapokea chai. Akaomba hesabu, akaletewa hesap. Wakamtolea seri zinazoanzia kwenye saizi kubwa, wakabishana kwa kikokotoo hadi adhuhuri, na mzigo ukaenda kwa wakala wa kago. Mimi nilibeba.

Usiku, tukirudi Zeytinburnu kuwahi ndege, niliangalia salio la kadi: zilibaki lira saba na ushei. Nikataka kumwachia kijana aliyesimama kwenye foleni ya mashine. Mama mdogo akaichukua mkononi mwangu, akageukia ukutani, akaisokomeza kibindoni, mahali dola zilipokuwa.

"Ile ni chenji yangu," akasema. "Nitaifuata."