Vileja vya bibi, na mwezi uliogoma kuandama

Bibi yangu, kule Kikwajuni, Unguja, alipima vileja, vile vibiskuti vya unga wa mchele vya Idi, kwa kibaba. Kibaba cha unga wa mchele, sukari nusu yake, iliki, arki ya mawaridi, na samli "mpaka unga ukubali, mume wangu." Ndivyo alivyoniita, mume wangu, kama bibi wengi wa Unguja wanavyotaniana na wajukuu wao wa kiume. Sasa huko kukubali kwa unga ndiko kulikonishinda Idi mbili mfululizo.

Mwaka juzi vilitawanyika vikawa kama chapati. Mwaka jana nikabana samli kwa sababu daktari alinisema, vikatoka vigumu kwa nje na vumbi kwa ndani. Mgeni mmoja alikitia mdomoni, akacheka, akapaliwa. Akakiteremsha kwa kahawa tatu.

Safari hii nikampigia Khalati, dada yake mama, mapema, kumi la mwisho la Ramadhani halijafika hata katikati.

"Shikamoo Khalati."

"Marahaba. Unga umenunua wapi?"

Hata sijamaliza salamu. Nikamwambia dukani, wa pakiti. Kimya. Halafu: "Bibi yako alikuwa akinunua wa pakiti?"

Hakuwa akinunua. Aliroweka mchele usiku kucha, asubuhi akauchuja na kuuanika kwenye ungo, kivulini, mpaka ukauke nje lakini ukiuvunja kwa jino bado laini. Hapo ndipo unatwangwa na kuchekechwa. Unga ule ni laini kama poda. Wa pakiti nilioupata mimi una chenga, na mchele hauna ule mnato wa ngano, kwa hiyo kinachoshika kileja ni samli na mayai tu. Ukikosea hapo hakuna wa kukuokoa.

Basi nikaroweka. Kinu sina hapa Dar, nikasaga kwa blenda kidogo kidogo na kuchekecha mara tatu, majirani wakidhani natengeneza barabara. Iliki nikanunua Kariakoo, ya maganda, ya kijani. Ile iliyokwisha kusagwa huwa imeshapoteza harufu nyingi. Niliitwanga pamoja na kijiko cha sukari, inasagika vizuri zaidi.

Vipimo vyangu vimetulia hivi: unga nusu kilo, samli ya ng'ombe robo, sukari ya kusaga robo, mayai 2, iliki kijiko cha chai, arki vijiko viwili. Cha kuumulia hakimo, kileja si keki. Samli na sukari unapiga mpaka zigeuke nyeupe, mayai moja moja, kisha unga. Kuhusu kukubali, Khalati alinifungulia fumbo kwa sentensi moja: "Finya donge, liminye katikati kwa kidole; kingo zikipasuka, samli bado."

Na haya yote unayafanya umefunga, na mimi nikifunga sionji. Unapima kwa pua na kumwachia Mungu.

Bibi alichoma kwenye sufuria yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mimi nina oveni, moto mdogo, dakika kumi na tano au zaidi kidogo. Katikati ya kila kimoja nikadondosha tone la zafarani. Vikitoka, usiviguse! Vya moto vinavunjika ukivitazama tu. Viache kwenye sinia vipoe kabisa.

Saa kumi na moja jioni, tarehe 29 Ramadhani, nilikuwa na vileja sitini na mbili. Tukafuturu, tukakaa na redio. Mwezi haukuonekana. Jirani yangu, yeye hufuata mwezi wa popote ulipoandama, tayari alikuwa akipiga takbira. Mimi nikafunga kopo kwa gundi ya karatasi, nikaliweka juu ya kabati.

Asubuhi ya Idi kopo lilikuwa na hamsini na moja. Gundi imerudishwa vizuri kabisa, kazi ya mtu mzima. Watoto wangu hawafiki juu ya kabati, na mke wangu aliniuliza kwa haraka mno kama nimeshachukua pesa za mkono wa Idi wa watoto benki.

Nikamtumia Khalati picha ya sinia, vyeupe, tone la manjano katikati. Akajibu kabla sijavaa kanzu.

"Pindua kimoja nione chini."