DT125 ya bwana mifugo: nani anaziua pistoni?

Pikipiki ya Yamaha DT125, ile inayopozwa kwa upepo, iliyoletwa hapa gereji, Msamvu, Morogoro, juu ya pikapu ilikuwa imejamu kabisa. Kiki haishuki hata ukiisimamia. Mwenyewe ni bwana mifugo wa Mgeta, mtu mzima, na bila pikipiki hiyo hafiki kwa wafugaji wake. Alikuwa anapanda mlima kwa gia ya pili, injini ikaanza kulegea, kisha tairi la nyuma likafunga ghafla. Aliwahi kushika klachi, ndiyo maana hakuanguka. Nyie mnaoendesha tu-stroku (injini inayochoma oili pamoja na petroli) milimani, kidole kisitoke kwenye klachi.

"Kijana wangu, safari hii niwekee pistoni orijino," aliniambia baada ya salamu. Ile iliyojamu ilifungwa mwaka jana tu, kwa fundi mwingine. Hapo nikashtuka. Pistoni ya mwaka mmoja haifi kwa uzee.

"Mzee, pistoni nitakuwekea, lakini niache kwanza nijue nani anaziua."

Niliimwagia oili kupitia tundu la plagi, nikaiacha ilale nayo, kisha nikaitoa silinda kwa kuigonga taratibu na nyundo ya mpira. Usibenue mapezi ya silinda kwa bisibisi, yakikatika ndiyo basi.

Pistoni nikaigeuza juani. Mikwaruzo mizito ilikuwa upande wa ekzosi, alumini imepakazwa juu ya ringi hadi zimegandia kwenye mifereji yake. Upande wa kabureta ulikuwa bado unang'aa na una utando wa oili. Hapa ndipo mafundi wengi wanapita haraka, na ndipo pa kukaa. Mikwaruzo ikizunguka pande zote, oili haikufika. Ikikaa sehemu nne kuzunguka pistoni, pistoni ilitanuka kuliko silinda: ama nafasi ni ndogo mno, ama injini ilipigwa resi kabla haijapata moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Lakini ikiwa upande wa ekzosi peke yake, na plagi ni nyeupe yenye chembe za alumini kama hii, mafuta yalikuwa machache kuliko hewa.

Nikamuuliza, "Mzee, kabla haijajamu, ukiachia resi ilikuwa inashuka?" Akasema hapana, ilikuwa inabaki juu inalia, akadhani ni waya wa resi. Mimi nikahisi hewa inaingia mahali.

Nikarudisha silinda kwa muda, nikaziba ekzosi na mdomo wa kabureta, nikaingiza upepo wa psi 6. Mshale wa geji ukawa unashuka wenyewe. Maji ya sabuni kwenye gasketi za juu na chini, hakuna povu. Nikafungua sumaku ya kushoto, nikapaka nyuma yake: povu likatoka kwenye sili ya krenki, ule mpira unaozuia hewa isipite pembeni ya ekseli ya injini. Mpira wake ulikuwa umekauka, ukiukunja unapasuka. Kwenye tu-stroku krenkikesi, nyumba ya krenki chini ya silinda, ndiyo inayovuta mafuta na hewa kutoka kabureta, kwa hiyo sili ikivuja inavuta hewa ambayo kabureta haikuipimia mafuta. Moto unapanda, pistoni inaungua. Ungeweka pistoni ya dhahabu ingeungua vile vile. Sili ya kulia, iliyo upande wa oili ya gia, ikifa dalili ni nyingine: moshi mzito mweupe, na oili ya gia inapungua.

Silinda nikaisafisha alumini kwa asidi ya kusafishia vyoo, kidogo kwenye kitambaa, ndani ya silivu ya chuma (ukuta wa ndani wa silinda) tu, maana asidi hiyo inakula alumini. Ikiacha kutoa povu, alumini imeisha. Mikwaruzo ilibaki, basi ikabidi kuchonga. Saizi ya kiwandani ni milimita 56; hii ilikuwa imeshachongwa ikaongezeka 0.25, sasa tumekwenda 0.50. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mchongaji aipime ile ile. Ikirudi, pitisha msasa kwenye kingo za matundu, zikibaki kali zinakamata ringi. Kisha osha kwa sabuni na maji ya moto, futa, paka oili.

Krenki niliiosha chembe zote, nikaivuta konrodi juu na chini, haikuwa na mchezo. Sili zote mbili mpya. Mshale wa pistoni uelekee ekzosi, ncha za ringi zikae kwenye vijipini vyake, na klipsi za pini ziwe mpya. Klipsi ya zamani ikichomoka, silinda uliyotoka kuichonga inakwenda.

Pampu ya oili nimeitoa hewa, na tangi la kwanza nimechanganya mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli juu ya ile ya pampu. Itatoa moshi, sawa tu. Plagi sasa ni ya kahawia. Mzee asipande Mgeta na mzigo mpaka tangi hilo liishe, na siku ikibaki juu tena baada ya kuachia resi, azime pale pale anipigie.