Linki zote zinafungua kava

Kuna taasisi moja Morogoro iliniita niwanyooshee ukurasa wa yaliyomo wa mwongozo wao wa kilimo, PDF nzito ya kurasa zaidi ya 200, walitaka bwana shamba akibonyeza "Mbolea ya mahindi" afike palepale sio aanze kuskroli toka dibaji. Jamaa aliyenitangulia alishaweka linki zote ila nyingine zinaleta 404, yaani ukurasa haupatikani, nyingine zinafungua kava tu.

Za 404 hazikunisumbua, tovuti yao ilikuwa inageuza alama ya #, ile inayotangulia namba ya ukurasa mwishoni mwa linki, kuwa %23, kwa hiyo seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya tovuti, inatafuta faili lenye jina la ajabu ambalo halipo. Za kava jamaa aliandika ?page=45, na ile inaenda kwa seva ambayo haina habari na kurasa za ndani ya PDF, wakati #page=45 haiendi kwa seva kabisa, inabaki kwenye brauza na brauza ndo inaruka. Nikarekebisha, nikajaribu Chrome na Firefox, ikaruka kweli ila ikatua kwenye kuandaa shamba. Kumbe kava, dibaji na shukrani zimekula kurasa 12 za namba za Kirumi, na brauza haiangalii namba iliyochapwa chini, inahesabu toka kava. Basi 45 ikawa 57.

Nikaenda kwa mkuu wa idara, shikamoo mzee, imekubali. Marahaba, akachomoa simu yake ya Android, akabonyeza, simu ikaanza kudanlodi megabaiti 38, tukasubiri weee, kufungua, kava.

"Kijana, mbona kulekule?"

Nikamweleza kwamba simu inashusha faili tu halafu inalifungua na programu nyingine, ile #page=57 imebaki nyuma, programu haijui tuliomba nini.

"Kwa hiyo bwana shamba wa Gairo atembee na laptop?"

Hapo mzee alinibana, na haki yake, maana hao watu wote wako kwenye simu na bando la kuungaunga, nani atamaliza MB zake kwa jedwali moja?

Tukaachana na namba. Nikaikata PDF sura kwa sura, kila sura faili lake, ya mbolea haikufika hata megabaiti 2. Mzee akabonyeza, mbolea hiyo hapo ukurasa wa kwanza. Hata ahsante hajasema, ananiambia haya, fanya na ule wa mifugo.