"Sitaki tena, sista"

Jumatano, usiku

Leo binti wa miaka 16 ameketi kwenye kiti chake, akavuta mkono wa sweta mpaka kwenye vidole, akaniambia, "Sitaki tena, sista." Chini ya sweta ndipo ulipo mshipa aliounganishiwa kwa ajili ya mashine. Ukiuwekea kidole unatetema kama simu inayoita bila sauti.

Figo zake zimeshindwa kazi, kwa hiyo anasafishwa damu kwa mashine hiyo mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara, kwa sindano mbili nene. Akiacha, siku zake ni za kuhesabu, na analijua hilo vizuri.

Mama yake alinivuta pembeni. "Mkemee, wewe anakusikia." Nikamkemea mbele za wagonjwa wengine, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria hiyo hiyo inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Nimepekua faili lake: saini za mama zimejaa, neno lake mwenyewe sikuliona.

Nimemkumbuka msichana wa Herefordshire, Uingereza, aliyekataa kupandikizwa moyo mwaka 2008 akiwa na miaka 13. Hospitali ilikuwa tayari kwenda mahakamani. Ofisa wa ulinzi wa watoto akaenda kuzungumza naye, akaridhika kwamba anaelewa anachokisema, wakaacha. Mwaka uliofuata msichana mwenyewe akabadili mawazo, akapandikizwa. Hakuna aliyemwambia, "Si ulishakataa?"

Kumshika kwa nguvu sitakubali. Nani atambana mtoto masaa manne leo, keshokutwa tena, na wiki ijayo? Ila hiyo "sitaki" nayo siwezi kuiandika nikafunga faili, maana hatujamuuliza anachokikataa ni sindano, ni shule anazokosa, au ni kuishi kwenyewe.

Kabla zamu haijaisha nilivuta kigoda nikamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kiu ndiyo inamtesa, maana maji ya kunywa anapimiwa; usiku anaota anakunywa maji ya mtungi, kata baada ya kata, hashibi. Mashine hatukuitaja.

Ya leo alikubali. Ya Ijumaa hakuahidi, nami sikumlazimisha aahidi. Kesho nitamwomba daktari akae naye, mama akiwepo, lakini wa kwanza kuulizwa awe yeye.