Saa moja na nusu ya kusikilizwa

Wiki hii mbalamwezi iko juu, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, na ghala letu hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, limepoa. Nimepata nafasi ya kuandika jambo ambalo limenikaa moyoni tangu masika.

Nina kipandauso. Huanza na michirizi ya mwanga pembeni mwa jicho la kushoto, kisha kichwa kinagonga upande mmoja mpaka natapika. Kazi yangu ni kuandika hesabu za magunia, na hapa jua likipiga maji linarudi lote usoni, harufu ya dagaa nayo iko juu yako kutwa. Nimezunguka sana kutafuta tiba. Mara ya mwisho, katika hospitali moja ya hapa mjini, nilikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Daktari aliniuliza maswali mawili huku anaandika, nikatoka na panadol. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, naelewa. Lakini nilitembea hadi stendi huku nalia.

Ndipo Mama Mdogo akanipeleka kwa mtabibu wa homeopathi, aina ya tiba mbadala, chumba cha ghorofani upande wa Nyakato. Mzee mpole, koti jeupe, daftari kubwa mezani. Akasema, "Karibu, mwanangu. Nieleze taratibu, tuna muda." Tuna muda! Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote aliyevaa koti jeupe.

Tulikaa saa moja na nusu. Aliniuliza kichwa kinaanzia wapi na kinaishia wapi, kinazidi asubuhi au jioni, nikiumwa napenda upepo au najifunika. Halafu akaenda mbali. Napenda chumvi au sukari? Nalala ubavu gani? Naota nini? Nikiwa na huzuni nataka watu karibu au nataka kuachwa? Hapo nikajikuta nasimulia kifo cha baba, jambo ambalo sijawahi kulisema hospitalini kwa sababu hakuna aliyeliuliza. Aliandika yote. Watabibu wa homeopathi kwa kawaida hufanya hivyo kwa mgonjwa anayekuja mara ya kwanza, maana wanachagua dawa kwa kumtazama mtu mzima na tabia zake, si ugonjwa peke yake.

Dawa yenyewe ilikuwa kichupa kisichozidi kidole changu cha mwisho, ndani mna punje nyeupe za mviringo, ndogo kama ulezi. Unazimimina kwenye kifuniko bila kuzigusa kwa mkono, unaziweka chini ya ulimi, unaziacha ziyeyuke. Kahawa na vitu vya minti nikatazwa. Ladha yake ni sukari, basi. Akaniambia pia nisiruke chai ya asubuhi, nilale mapema, na nirudi baada ya mwezi. Akaongeza kwamba hali ikizidi kidogo mwanzoni nisiogope, ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Sentensi hiyo ishikeni, nitairudia.

Mwezi ule kichwa kiliniuma mara mbili tu, badala ya kila wiki. Nikawa mhubiri. Nilimsimulia kila mtu, kuanzia mama ntilie wetu hadi mdogo wangu anayeishi Igoma.

Kaka yangu anafundisha kemia sekondari. Aliposhika kile kichupa alisoma kibandiko: Natrum muriaticum 30C. "Dada, hii ni chumvi ya mezani," akasema. Nikabisha. Akanikalisha hapa hapa mwaloni, tukitazama mitumbwi, akanifafanulia ile 30C. Unachukua sehemu moja ya chumvi, unaizimua kwa sehemu 99 za maji, unatikisa. Hiyo ni hatua ya kwanza. Kutoka hapo unachukua sehemu moja, unaizimua tena kwa 99. Unarudia mara 30. Akasema ukifika hatua ya 10 tu, ni karibu sawa na kudondosha tone moja katika Ziwa Victoria lote, kutoka hapa hadi Kisumu na Entebbe, ukalikoroga. Na bado hatua 20. Kuanzia hatua ya 12 hivi huwezi kutarajia hata chembe moja ya chumvi imebaki. Maji hayo ndiyo yanayodondoshewa punje za sukari. Nilitazama ziwa, nikatazama kichupa, nikanyamaza.

Lakini nilipona! Ndivyo nilivyojibu, na najua wengi mtajibu hivyo. Nimelifikiria sana. Kipandauso huja kwa mawimbi, na mimi nilikwenda kwa yule mzee wimbi likiwa juu kabisa, wakati ambao lingeshuka hata kama ningekunywa uji tu. Nilianza kula asubuhi. Nilianza kulala saa nne. Na mtu alikuwa amenisikiliza nikaushusha mzigo wa msiba. Hayo yote ni ya kweli, na mwili unayajua.

Nilisoma pia. Australia baraza lao la utafiti wa tiba lilipitia tafiti 176 na mwaka 2015 likasema halikuona ugonjwa wowote ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathi inautibu. Uingereza mwaka 2017 huduma ya afya ya England iliwataka madaktari waache kuiandika. Ufaransa, ambako watu wameipenda miaka mingi, bima ya afya ya taifa iliacha kuilipia mwaka 2021. Hapa kwetu tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake, na wengi wakiona cheti ukutani wanadhani serikali imethibitisha dawa. Cheti kinampa mtu ruhusa ya kufanya kazi. Hakisemi kilicho ndani ya kichupa.

Sasa niandike lililonifanya nifungue daftari hili.

Mwezi wa nne mtoto wa mdogo wangu, ana miaka mitatu, alishikwa na homa. Mdogo wangu, kwa sababu yangu mimi, alimpigia yule mzee. Akapewa punje. Siku ya pili homa ikapanda, akapiga tena, akajibiwa ile ile: usiogope, dawa inaanza kufanya kazi. Akasubiri. Siku ya tatu usiku nilifika Igoma nikamkuta mtoto hawezi kukaa, anatapika kila anachopewa, macho yanapanda juu. Tulimpakata kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshika kichwa. Muuguzi alimtoboa kidole, akaweka damu kwenye kipimo, na kabla sijamaliza kumfunika mtoto mstari wa pili ulishatokea. Malaria. Sindano ya artesunate usiku ule, nyingine asubuhi, na siku nne wodini. Anacheza sasa. Ila ninapoandika hivi mkono wangu bado unatetemeka.

Shirika la Afya Duniani lilishaonya mwaka 2009 kwamba homeopathi isitumike kwa malaria, kifua kikuu, VVU, mafua ya influenza wala kuhara kwa watoto wachanga. Kinachoniuma zaidi ni kwamba homeopathi ilianza na malaria. Mwaka 1790 Samuel Hahnemann, daktari wa Ujerumani, alikunywa dawa ya gome la mti wa kwinini, lililokuwa likitibu malaria, akiwa mzima, akajisikia kama mwenye homa, na hapo akaanza kujenga wazo kwamba kinacholeta dalili ndicho kinachoziponya. Mwaka 1820 Pelletier na Caventou, wakemia wa Ufaransa, wakaitoa kwinini yenyewe kutoka kwenye gome. Gome lilitibu kwa sababu lilikuwa na kitu ndani yake, na ulihitaji kunywa cha kutosha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo atarajie nini akienda kule, namjibu hivi: utasikilizwa vizuri kuliko ulivyowahi kusikilizwa, utapewa sukari, na huenda ukajisikia nafuu. Dawa zako za presha, kisukari, pumu au VVU usiziache hata siku moja. Na mtoto mwenye homa usimpeleke kule kabisa, apimwe siku hiyo hiyo.

Mimi yale maswali ya mzee nimeyafanya daftari: nimelala saa ngapi, nimekula nini, jua, siku zangu. Nililipeleka kwa daktari mwingine, akalisoma lote, akanipa dawa ya kuzuia kipandauso ninayomeza kila siku.

Jumatatu nitakwenda Nyakato. Namheshimu yule mzee, na alinisikiliza. Nitabeba karatasi ya wodini ya mtoto, niiweke juu ya daftari lake, na nimwombe tuwe na muda.