Manowari iliyogeuka makazi ya samaki

Jana jioni hapa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nilimwonyesha baba mkubwa video ya USS Oriskany kwenye simu. Ni manowari ya Marekani ya kubeba ndege, urefu wake karibu mita 270, ilipigana vita vya Korea na Vietnam. Tarehe 17 Mei 2006 waliizamisha makusudi kwenye bahari ya Pensacola, Florida, iwe mwamba wa samaki na wazamiaji. Baruti zikalipuka, dakika 37 tu ikamezwa yote!

Mzee alinyamaza, kisha akauliza, "Na mafuta yake je, mwanangu?" Mvuvi haachi kuuliza hilo. Nikamwambia mafuta yalitolewa kwanza, ila kemikali fulani za sumu zilibaki kwenye nyaya, kwa kibali cha serikali yao. Hapo hakupendezwa kabisa, na mimi niko naye. Maji ya Nyasa tunayanywa.

Lakini kuhusu samaki hakubisha. Alininyooshea kidole kwenye mawe ya upande wa Ikombe, wanakoishi wale wadogo wa rangi: wanakula mwani wa kijani ulioota juu ya jiwe, wanajificha kwenye nyufa. Kumbe na chuma huota mwani vivyo hivyo.